Wanafunzi waliotumwa kwa wazee

Mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kwao kuwahoji wazee waliokumbuka vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Digrii hawakuwa nazo bado, lakini wasimamizi wao, John Iliffe na Gilbert Gwassa, waliwaamini. Ripoti zao wanahistoria wanazitumia hadi leo.

Sisi tuliosomea uhamishoni, ng'ambo ya Mpondwe, tulikaririshwa wafalme wa Ubelgiji tu. Je, hapa Bwera wazee waliokuwa vijana Rwenzururu ilipotangazwa mwaka 1962 wamehojiwa? Na waliovusha kahawa ya magendo usiku? Wanachuo wetu wa Kasese huja likizo kila mwaka. Wapewe daftari, waanzie kwa babu zao.