Mahali pa Mchoraji Katika Nyumba Yetu

Katika familia nyingi za Butembo na Beni yupo kijana mmoja, wa kiume au wa kike, ambaye mkono wake hautulii. Akiokota kipande cha kaa jikoni, ukuta hupata picha ya ng'ombe. Akipewa daftari la hesabu, kurasa za nyuma hujaa nyuso za watu. Wazazi wengine humkaripia, wengine hucheka tu, na mambo huishia hapo. Ni wachache wanaojiuliza: Je, mtoto huyu tumpatie mahali?

Jibu la haraka ni kwamba nafasi hakuna. Nalo si jibu la uvivu. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 mauaji katika wilaya ya Beni yamewafukuza watu wengi mashambani mwao, na familia nyingi za mjini zimewapokea ndugu waliokimbia. Chumba kilicholaliwa na watu watatu chaweza leo kulaliwa na saba. Katika hali hiyo, kusema habari za chumba cha kuchorea kwaonekana kama kuota ndoto ya matajiri. Lakini tukitazama vema tutaona kwamba mchoraji hahitaji jumba. Ahitaji nuru, ukavu, vyombo vichache vilivyotunzwa, na saa moja ambayo hakuna amwitaye. Hayo manne yaweza kupatikana hata katika nyumba ndogo, ikiwa wenye nyumba wamepatana.

Wakubwa walianza padogo

Tuanze karibu na kwetu. Katika msitu wa Ituri, ulio kaskazini ya Beni, Wambuti wana sanaa ya kale ya kuchora juu ya nguo za magome. Wanaume huligonga gome la ndani la mti hata likawa laini kama kitambaa. Kisha wanawake hulichora kwa kidole au kwa kijiti, kwa rangi nyeusi ya maji ya tunda la msituni iliyochanganywa na masizi. Hawana chumba cha kazi hiyo. Hukaa mbele ya kibanda, nguo magotini, na watoto wao wakiwazunguka. Hata hivyo kazi zao zimewekwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Katika mji wa Kampala, miaka ya 1930 ilipokaribia kwisha, mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kuwafundisha watu kuchora barazani mwa nyumba yake. Kutoka baraza hiyo ikatokea shule ya sanaa ya Makerere, iliyowalea wasanii wengi wa Afrika ya Mashariki.

Katika nchi yetu wenyewe, Bruda Marc Wallenda alifungua shule ya sanaa ya Mtakatifu Luka huko Gombe-Matadi mwaka 1943. Mwaka 1949 ikahamishiwa mji mkuu, nayo ndiyo iliyokuja kuwa Chuo cha Sanaa cha Kinshasa. Na huko Lubumbashi, mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés aliwakusanya vijana katika mahali palipoitwa kwa Kifaransa «Le Hangar», yaani banda. Hakuwapa picha za Ulaya wazifuatishe; aliwaacha wachore yaliyomo katika kumbukumbu zao. Pili Pili Mulongoy akachora samaki na ndege, na Bela akachora kwa ncha za vidole vyake, pasipo burashi.

Tukivuka ziwa Tanganyika, twamkuta Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi, lakini ndugu na jamaa aliowafundisha waliiendeleza, na leo jina lake ni jina la aina nzima ya picha. Naye Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, kati ya miaka 1973 na 1974, alichora historia ya nchi yetu katika picha zaidi ya mia moja. Watu hawa hawakungoja mpaka wapate nyumba kubwa.

Nuru ndiyo mali ya kwanza

Vitabu vya Ulaya husema: mchoraji na afungue dirisha upande wa kaskazini. Shauri hilo ni jema huko, kwa sababu jua la Ulaya hupita daima upande wa kusini, na dirisha la kaskazini hupata nuru iliyotulia. Lakini kwetu si hivyo. Ikweta yapita kusini kidogo ya Butembo, na Beni nayo haiko mbali nayo. Kwa hiyo tangu Machi hadi Septemba jua letu huelekea kaskazini, na tangu Septemba hadi Machi huelekea kusini. Anayefuata kitabu cha Ulaya bila kufikiri atapigwa na jua nusu ya mwaka.

Shauri lifaalo hapa ni hili: dirisha au mlango wa mchoraji utazame kaskazini au kusini, upande wowote kati ya hiyo miwili, lakini usitazame mashariki wala magharibi, ambako jua la asubuhi na la jioni huingia moja kwa moja. Kisha upenu uwe mrefu. Ikiwa ukingo wa chini wa dirisha uko mita 1 na nusu chini ya upenu, basi upenu uliotokeza mita 1 utazuia jua tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, hata katika Juni na Desemba, linapoinama zaidi. Huo ni muda wa kutosha kwa kazi ya siku nzima.

Anayetumia mkono wa kuume akae dirisha likiwa kushoto kwake, ili kivuli cha mkono kisiiangukie kazi. Wa mkono wa kushoto afanye kinyume. Kuta zipakwe chokaa nyeupe, kwa maana ukuta mweupe huirudisha nuru chumbani, bali ukuta wa udongo huimeza. Taa ya jua yafaa kwa kuchora kwa kaa au kalamu usiku. Lakini kuchanganya rangi chini ya taa ya manjano ni kujidanganya: asubuhi utaona kwamba manjano yako imezidi na buluu si ile uliyoitaka.

Unyevu na vumbi

Butembo iko juu, na ukungu wake hupenya kila mahali. Beni ina joto zaidi, lakini mvua zake nazo si haba. Karatasi iliyoegemezwa ukutani huota ukungu baada ya majuma machache. Basi weka rafu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja, na juu ya sakafu kiasi cha goti. Picha zihifadhiwe zikiwa zimesimama, na kati yake upepo upite. Ukipiga kambi chini ya bati linalovuja, hutapata faida ya kazi yako. Ziba tundu kwanza, kisha chora.

Penye sakafu ya udongo, nyunyiza maji kabla ya kufagia, wala usifagie kamwe rangi ikiwa mbichi. Vumbi likiishika picha, haliondoki tena.

Vyombo vinavyopatikana kwetu

Makaa ya kuchorea hayana haja ya kununuliwa. Chukua vijiti vyembamba vilivyokauka, uvimenye, uvipange ndani ya kopo lenye kifuniko, utoboe tundu dogo katika kifuniko hicho, na uliweke kopo motoni. Moshi ukikoma kutoka tunduni, liondoe, nawe usilifungue mpaka lipoe kabisa. Hewa ikiingia mapema vijiti vitawaka na kuwa majivu.

Udongo mwekundu wa vilima vyetu ni rangi. Uchekeche, uuoshe kwa maji, uache mchanga uzame, umimine maji yenye rangi katika chombo kingine, ungoje yatulie, kisha ukaushe tope lililobaki na kulisaga laini. Ukilichanganya na kiini cha yai na maji kidogo, utapata rangi ishikayo sana. Ndiyo njia waliyotumia wachoraji wa picha za makanisa ya kale, kabla rangi za mafuta hazijaenea. Changanya kiasi cha siku moja tu, kwa maana yai huoza.

Kwa kuchorea juu yake, wachoraji wengi wa Kongo wametumia nguo ya mifuko ya unga. Siku hizi mifuko mingi ni ya nailoni, ambayo haishiki rangi. Tumia basi kitambaa cha Amerikani. Kivute juu ya fremu ya mbao nne, ukianza kupiga misumari katikati ya kila upande na kuelekea pembeni. Kipake uji mwepesi wa wanga wa mhogo, kikauke, kisha ukipake mara mbili rangi nyeupe ya maji ya ukutani.

Kiegemeo cha picha hutengenezwa kwa fito tatu za mkalitusi, mti uliojaa katika vilima vya Butembo. Zifunge pamoja juu, uzitanue chini, na utie vigingi viwili vya kushikilia picha. Katikati ya picha pawe sawa na macho yako, ukiwa umekaa au umesimama. Hivyo mgongo hautauma.

Mambo ya hatari

Hapa wazazi wasikilize kwa makini. Petroli na dawa za kulainishia rangi zisikae karibu na jiko wala taa ya moto. Zisitiwe kamwe katika chupa ya soda, kwa maana mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu. Matambara yaliyolowa mafuta ya rangi yatandazwe nje yakauke. Yakirundikwa pamoja yaweza kupata joto na kuwaka yenyewe.

Rangi nyingine za mafuta zina risasi ndani yake, nayo huharibu akili za watoto. Kwa hiyo burashi isilambwe, mikono ioshwe kabla ya kula, na rangi ya mafuta isitumiwe katika chumba ambamo watoto watalala usiku uo huo. Tena, kwa sababu ya baridi ya Butembo, wapo wanaofunga madirisha na kuwasha jiko la makaa ndani wakifanya kazi. Hewa itokayo humo haina harufu, nayo huua. Heri koti zito na dirisha wazi.

Amani ya nyumbani

Familia iliyo na chumba kimoja tu ifanye hivi. Vyombo vyote vikae katika sanduku moja lenye kifuniko. Ubao mmoja wa kuchorea uning'inizwe ukutani. Mchoraji apewe saa yake: labda alasiri, baada ya masomo na kazi za nyumbani, barazani au penye mlango. Saa ikiisha, kila kitu kirudi sandukuni, na mahali pawe tena pa wote. Mwenye kuheshimu mpango huo hupata heshima. Mwenye kuacha rangi juu ya kitanda cha bibi atafukuzwa, na kwa haki.

Lakini mpango huo ufuatwe pande zote mbili. Kijana wa kiume akichora, mara nyingi huachwa. Binti akichora, huitwa: maji, kuni, mtoto analia, sufuria. Haifai kusema kwamba binti hana kipaji hali hajapata hata nusu saa bila kuitwa. Kama ndugu wawili wagawana chakula sawasawa, wagawane pia kazi na saa.

Macho nayo yahitaji chakula

Sanduku na dirisha havitoshi. Lazima kuwe na kitu cha kutazamwa. Watu wengi siku hizi hufuatisha picha za simu. Kufuatisha kwafundisha mkono, lakini hakuamshi moyo. Mchoraji wa Beni, siku isiyo na mawingu, aweza kuona milima ya Ruwenzori upande wa mashariki. Mchoraji wa Butembo ana soko, ana ukungu wa asubuhi, ana wanawake wanaopanda mlima na mizigo ya viazi. Awe na daftari dogo mfukoni, na kila siku achore kitu kimoja alichokiona kweli. Baada ya mwaka atakuwa na picha 365, na mkono mwingine kabisa. Achague chache azibandike mbele yake: moja nzuri ya kumtia moyo, na moja mbaya ya kumkumbusha mahali alipofika.

Tusiwadanganye vijana kwamba sanaa ni njia ya mkato ya utajiri. Walakini maduka yahitaji mabango, shule zahitaji ramani na picha za kufundishia, makanisa yahitaji picha. Anayetimiza ahadi ya siku na kuandika mapato yake katika daftari aweza kuchangia ada ya wadogo zake.

Na jambo moja zaidi. Watoto wengi wa nchi hii wameona mambo ambayo vinywa vyao haviwezi kuyasema. Mtoto aliyekimbia usiku pengine atachora nyumba inayowaka kabla ya kuweza kusimulia habari zake. Mzazi anayeona picha hiyo asimkemee wala asimlazimishe kuifuta. Aketi karibu, atazame, aulize polepole: «Nani huyu hapa?» kisha asikilize. Kwa mtoto wa namna hiyo, ubao ule ukutani na saa ile ya alasiri si anasa. Enyi akina baba na akina mama, itazameni nyumba yenu leo jioni, mkaone ni upande gani nuru huingia.