Malengelenge kwa mtoto mchanga: tusingoje, tusitafute mchawi



Kuna watoto wanaozaliwa ngozi ikiwa imechubuka miguuni au mikononi. Wengine wanatoka malengelenge siku za kwanza, hasa mahali waliposhikwa au nepi iliposugua. Mtaani neno laana halichelewi: mama alikanyaga kitu, ukoo una deni, au mtoto mwenyewe ni mchawi. Familia inaingia katika chumba cha maombi, na siku zinapita. Kuomba ni vema, lakini tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza: malengelenge yanaweza kuletwa na maambukizo. Kaswende ambayo mtoto ameipata tumboni mwa mama huweza kutoa malengelenge viganjani na kwenye nyayo. Kuna pia bakteria wa ngozi na virusi vya herpesi. Magonjwa hayo yana dawa, lakini yakicheleweshwa yanaweza kumwua mtoto upesi. Ndiyo maana daktari anaanza kwa kupima damu ya mama na ya mtoto, na maji ya lengelenge.

Sababu ya pili: huenda ni ugonjwa wa kurithi unaoitwa epidamolisisi bulosa. Ngozi yetu ina tabaka la juu na tabaka la ndani, yaliyoshikanishwa na protini kama keratini, laminini na kolajeni ya 7. Jeni ya protini mojawapo ikiwa na kasoro, tabaka hizo zinaachana kwa msuguano mdogo tu. Ugonjwa huu hauambukizi. Ni wa nadra: hesabu za Marekani zilionyesha watoto wapatao 20 kwa kila milioni moja wanaozaliwa.

Kwa macho tu, hata daktari mzoefu hawezi kujua aina yake siku ya kwanza. Hukatwa kipande kidogo cha ngozi kikachunguzwa kwa darubini maalum, au damu ikapimwa jeni. Vipimo hivyo havipatikani katika kituo cha afya cha kijijini, hivyo muuguzi asisite kumpeleka mtoto hospitali kubwa. Jibu lina uzito. Aina nyingine ni nyepesi, na mtoto anakua nayo. Aina kali ya laminini huwaua wengi kabla ya miaka 2. Wazazi wana haki ya kujua njia iliyo mbele yao, na mtoto ana haki ya kutulizwa maumivu.

Wakati wa kungoja majibu, mtoto alindwe hivi:

- Asiinuliwe kwa kushikwa makwapani. Mkono mmoja uwe chini ya makalio, mwingine nyuma ya shingo, na alale juu ya kitambaa laini.
- Asibandikwe plasta. Kidonda kifunikwe kwa bendeji isiyogandamana, yenye vaselini.
- Lengelenge kubwa litobolewe na muuguzi kwa sindano safi, maji yatoke, lakini ngozi ya juu iachwe ifunike kidonda.
- Nguo zivaliwe mishono ikiwa nje.
- Aendelee kunyonya, midomo ikipakwa vaselini.
- Asisuguliwe dawa za majani wala mafuta ya upako.

Wazazi watauliza: «Imetoka wapi, nasi ngozi yetu ni nzima?» Katika aina nyingine, baba na mama wote wanabeba jeni yenye kasoro bila kuugua. Kwa kila mimba, nafasi ya mtoto kuugua ni 1 kati ya 4. Katika aina nyingine, mzazi mgonjwa anaweza kumrithisha mtoto kwa nafasi ya 1 kati ya 2. Mara nyingine kasoro inaanza kwa mtoto mwenyewe. Kwa hiyo mume asimfukuze mke wake, wala wakwe wasimshitaki. Jina la ugonjwa likijulikana mapema, ugomvi unakosa mahali pa kusimama, na wazazi wanaweza kushauriwa kabla ya mimba nyingine.

Sisi wachungaji tunahusika. Katika Yohana 9 wanafunzi walitafuta mwenye kosa, mtu huyo au wazazi wake. Yesu alikataa swali hilo, akamshughulikia mgonjwa. Hata sheria ya nchi yetu ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kumshitaki mtoto uchawi. Mtoto wa namna hii akiletwa kanisani kuwekwa wakfu, abaki mikononi mwa mama yake, asipitishwe kwa watu, na mkono wa mchungaji usiguse ngozi yake. Akina mama wa kanisa wanaweza kuchanga vaselini, bendeji na nauli ya hospitali. Hiyo nayo ni ibada.

Mungu awape wazazi hawa nguvu, na atupe sisi hekima ya kuwaharakisha.