Miaka Saba Si Tarehe ya Kukabidhiana Mtoto

Haupiti mwezi bila mzee mmoja kuingia ofisini na kuniambia: "Wakili, mtoto ametimiza miaka saba, nakwenda kumchukua." Husema kwa uhakika kama mtu anayefuata mzigo wake stendi. Naye mama mwenye mtoto wa miaka mitatu hunihakikishia kwamba hahitaji shahidi yeyote, kwa kuwa sheria imeshampa mtoto. Wote wawili wameishika nusu tu ya kifungu.

Kifungu chenyewe ni cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971. Kinachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake. Hiyo ni dhana tu, na dhana hupinduliwa kwa ushahidi. Tena katika kuipima, hakimu anatakiwa atazame ubaya wa kuvuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha. Mama aliyemwacha mtoto wa mwaka mmoja kwa bibi, akarudi kumdai ana miaka mitano, asitegemee umri wa mtoto peke yake. Na hakuna mahali kifungu kinaposema kwamba mtoto akifika saba anahamia kwa baba.

Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo ndipo hakimu husikiliza matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe kama umri unamruhusu kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Kwa hiyo baba anayesema "nilitoa ng'ombe, watoto ni wa ukoo wangu" atasikilizwa, lakini hoja yake inakaa nyuma ya ustawi. Mwenye mshahara mkubwa naye asijidanganye: mahakama inaweza kumwachia mama mtoto na kumwamuru baba atoe matunzo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaongeza mambo mawili ambayo wazazi husahau wakigombana: ni vizuri ndugu wakae pamoja, na malezi aliyoyazoea mtoto yasikatizwe ovyo.

Kesi hizi huamuliwa na mambo madogo ya nyumbani. Mahakama inaweza kuagiza ripoti ya afisa ustawi wa jamii, naye atataka kujua mtoto analala wapi, nani anamwamsha kwenda shule, nani mwingine anaishi humo. Ushauri wake haumfungi hakimu, ila ni vigumu kuupuuza. Wateja wangu huja na simu iliyojaa matusi ya WhatsApp. Matusi yanaonyesha kwamba mmegombana, hayaonyeshi nani humwogesha mtoto. Mimi huomba kadi ya kliniki, risiti za ada, mwalimu wa darasa, na jirani anayeijua nyumba.

Kosa linaloniumiza kuliko yote ni la mzazi anayemchukua mtoto shuleni kimyakimya na kumpeleka kijijini, akidhani amewahi. Amempa mwenzake ushahidi bora kuliko wowote ambao angeutafuta mwenyewe. Na kama mwenzake tayari ana amri halali ya kukaa na mtoto, mzazi huyo aliyemchukua amevunja sheria.

Ukipewa mtoto peke yako, mwenzako habaki kuwa mgeni. Kwa kawaida amri humpa nafasi ya kumtembelea mtoto au kukaa naye likizo, na inaweza kuweka masharti kuhusu makazi, elimu, hata kukataza mtoto asitolewe nje ya Tanzania. Anayetaka mwenzake azuiwe kabisa alete ushahidi wa madhara, kama vile kipigo au ulevi unaomhatarisha mtoto. Chuki ya talaka haitoshi.

Kuhusu mahali pa kuanzia, anayeomba talaka huanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa kwa sababu maalumu. Wazazi ambao hawakufunga ndoa wanaweza kupeleka maombi yao Mahakama ya Watoto kwa Sheria ya Mtoto.

Aliyeshindwa katika shauri la ndoa ana siku 45 za kukata rufaa. Hata rufaa ikishapita, mambo yakibadilika kweli, au ikibainika amri ilitolewa kwa maelezo ya uongo, mahakama inaweza kuibadilisha. Kwa hiyo risiti na kadi zile usizitupe siku ya hukumu.