Pesa ya Kucheza na Pesa ya Unga: Somo Kutoka Meza ya Poka

Mwaka 2025, Mmarekani Michael Mizrachi alishinda mashindano mawili makubwa ya poka huko Las Vegas katika msimu mmoja. La kwanza ni Poker Players Championship, ambalo alikuwa ameshalishinda 2010, 2012 na 2018. La pili ni Main Event ya World Series of Poker, iliyompa dola milioni 10.

Hilo la kwanza lina kiingilio cha dola 50,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 6. Tena si mchezo mmoja. Ni michezo tisa ya karata inayopokezana mezani. Kwa mingine mwenye karata kubwa anashinda, lakini ukifika Razz, karata ndogo ndizo zinashinda. Ukisahau mchezo umebadilika, umeenda na maji.

Wateja wetu wengi wa Migori na Homa Bay wanaijua hali hiyo bila kugusa karata. Mvuvi wa omena Mbita hupata pesa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, mavuno yanapungua. Mkulima wa miwa Awendo hungoja zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kukata. Mtu wa boda Rongo hupata kidogo kidogo kila siku. Kila kazi ina sheria zake, lakini pesa yote inaingia laini moja: ya mafuta, ya stock, ya school fees, na ya kubeti. Shida huanzia hapo.

Wanaojua wanatenganisha

Mcheza poka makini ana mfuko wa kucheza ambao haugusani na kodi ya nyumba. Wengi hawalipi kiingilio kinachozidi shilingi 1 au 2 kwa kila 100 za mfuko huo. Kiingilio kikiwa kikubwa, huuza hisa: wengine wanachangia, na ushindi unagawanywa. Wanafanya hivyo kwa sababu hata bingwa hupoteza mara nyingi kuliko anavyoshinda. Kwenye Main Event, kati ya watu 100 wanaoingia, kama 85 hurudi nyumbani bila chochote.

Kubeti kwa simu ni hesabu nyingine

Kwenye poka unashindana na wachezaji wenzako, kwa hivyo ujuzi unasaidia. Kwenye app ya kubeti unashindana na kampuni, na odds zake zimepangwa ili ibaki na faida.

Halafu kuna kodi. Tangu Julai 2025, ukiweka pesa kwa akaunti ya kubeti, asilimia 5 inakatwa. Ukitoa, asilimia 5 tena. Weka 1,000, zinabaki 950. Zitoe hivyo hivyo bila kucheza, unapata 902.50. Umepoteza karibu mia moja kabla mpira haujapigwa, na hatujahesabu ada ya kutuma.

Fanya hivi wiki hii

1. Omba taarifa ya akaunti yako ya miezi mitatu. Jumlisha zote ulizotuma kubeti, kisha toa zilizorudi. Usikisie, andika.
2. Mauzo yapitie till, si laini yako ya kibinafsi. Pesa ya stock isionekane kama pesa ya mfukoni.
3. Siku ya mavuno mazuri, hamisha kwanza ya fees na chakula kwenda akaunti ya akiba. Usiku wa mwezi utakuja tu.
4. Ukiamua kucheza, weka kiwango cha mwezi ambacho kikiisha hakuna anayelala njaa. Kikiisha, kimeisha.
5. Usichukue mkopo wa simu ili urudishe uliyopoteza. Mkopo unadai riba hata timu yako ikifungwa.

Ikiwa hesabu ya namba 1 imekushtua, mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini, mke, mume au ndugu, na mpange pamoja mahali pesa ya mwezi ujao itakaa.