Tusiilaumu Dawa Kabla ya Kulitazama Jani

Kila msimu wa kilimo malalamiko ya namna moja husikika Handeni na Korogwe: mkulima amenunua dawa ya kuua magugu kwa fedha alizozipata kwa taabu, amenyunyiza shamba zima, na baada ya wiki mbili ndago zimesimama kama zilivyokuwa. Hukumu hutolewa papo hapo kwamba dawa ni bandia. Dawa bandia zipo, wala hatuwatetei wanaoziuza. Lakini si kila dawa iliyoshindwa ni bandia. Yako makosa yanayofanyika juu ya jani lenyewe.

Watu wa Korogwe wanalijua jani la mkonge, jinsi tone la maji linavyoteleza juu yake. Kinacholitelezesha ni nta. Magugu nayo yamevikwa utando wa nta, na dawa ya glaifoseti, iliyoanza kuuzwa duniani mwaka 1974, haina budi kuupenya utando huo kwanza, ndipo isafiri pamoja na chakula cha mmea hadi mizizini. Gugu lililopigwa na jua la Januari na Februari huwa na nta nene zaidi, tena chakula hakitembei vizuri ndani yake. Kulinyunyizia wakati huo ni kumwaga fedha. Heri kungoja mvua za kwanza za masika, lichipue majani mabichi. Hata hapo saa ichaguliwe: jua la mchana hukausha tone kabla halijapenya, na mvua ikinyesha mapema mno huliosha. Asubuhi, umande ukiisha kukauka, ndiyo saa njema.

Liko jambo ambalo twaona halisemwi vya kutosha, na kwa Handeni ni kubwa, nalo ni maji. Wengi huko wamezoea kuchota malamboni, na maji ya lambo yana tope. Glaifoseti hushikamana na chembe za udongo, na ikishashikamana nazo haina nguvu tena. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi nayo huidhoofisha, na vivyo hivyo vumbi lililotanda juu ya magugu ya kandokando ya barabara. Mkulima anayechanganya dawa kwa maji ya tope ameiua ndani ya bomba kabla hajalibeba mgongoni.

Yanayofuata ndiyo yanayotutia wasiwasi zaidi. Akiona magugu hayakufa, mkulima huongeza kipimo mara mbili, bila glavu wala kitambaa puani, kisha husuuza bomba katika lambo lile lile wanakonywa ng'ombe wake na wanawe.

Mabwana shamba wa wilaya hizi mbili wanaweza kulionyesha jambo hili kwa macho. Tunawaomba, masika yakianza, wapeleke kijijini bomba moja na ndoo mbili, moja ya maji safi na nyingine ya maji ya lambo, wanyunyize vipande viwili vya magugu mbele ya wakulima, na warudi baada ya wiki mbili kuvitazama pamoja nao.