Jina Esposito na Mfasiri

Jina la ukoo Esposito, lililoenea sana Napoli, nchini Italia, latokana na neno la Kilatini expositus, yaani «aliyewekwa nje». Katika makao ya Annunziata mjini humo palikuwa na pipa la mbao lizungukalo ukutani. Mtoto aliyetupwa alitiwa humo, likazungushwa, akapokewa ndani pasipo aliyemleta kuonekana. Lilifungwa mwaka 1875. Watoto hao, kwa kukosa jina la baba, wengi waliandikwa Esposito. Hivyo lilikuwa neno la daftari kabla ya kuwa jina, nalo likawafuata hadi vitukuu.

Twaona haifai kulifasiri «Mtoto wa Kuokota» katika hati: aitwaye hivyo leo ana baba na babu wajulikanao. Maana na ikae katika tanbihi, iwapo habari yenyewe yaihitaji.