Mvua Inayonyesha Ndani ya Sanduku la Mchanga

Kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani, zilinitesa shuleni. Mwalimu wa jiografia alichora duara ndani ya duara ubaoni, akatuambia huo ni mlima. Tukakariri kwamba mistari iliyobanana ni mteremko mkali, tukafaulu mtihani. Mlima wenyewe hatukuuona.

Katika Chuo Kikuu cha California kilichoko mjini Davis, Oliver Kreylos na wenzake walipata njia ya kuuonyesha. Walijaza mchanga kwenye sanduku, wakaning'iniza juu yake projekta na Kinect, ile kamera ya michezo ya Xbox iliyotoka mwaka 2010. Kamera inapima umbali wa mchanga mara 30 kwa sekunde, kompyuta inageuza vipimo kuwa ramani, na projekta inaimulika ramani hiyo juu ya mchanga uleule. Huo ndio uhalisia ulioongezewa: kitu chenyewe kiko mbele yako, unakishika, na kompyuta inakuongezea usichokiona kwa macho.

Mtoto akirundika mchanga, kilele kinabadilika rangi na kontua zinakizunguka papo hapo. Akikwangua ubavu mmoja, mistari inasogea, inabanana. Kisha linakuja lile linalonifurahisha kuliko yote: akitanua vidole na kuinua kiganja juu ya mlima, mvua inanyesha. Maji ya mwanga yanateremka mabondeni, yanatuama shimoni, yanafurika. Wala si katuni iliyoandaliwa kabla. Kompyuta inakokotoa mwendo wa maji kwa kanuni za fizikia, kulingana na umbo ambalo mtoto amelifinyanga dakika hiyo.

Uhalisia ulioongezewa ukitajwa, wengi huwaza miwani ya bei mbaya, kila mwanafunzi na yake. Hapa watoto watano wanalizunguka sanduku moja, wanabishana mto upite wapi. Kwangu mimi, ubishi huo ndio somo lenyewe.

Programu ya sanduku hili ni ya bure. Gharama iko kwenye projekta na kompyuta yenye nguvu. Kinect iliacha kutengenezwa mwaka 2017, hivyo sasa hutafutwa kwenye mitumba.

Natamani kuliona sanduku hili Dar es Salaam. Wanafunzi walifinyange bonde la mto Msimbazi, mmoja ainue kiganja, waone mafuriko yanavyoingia eneo la Jangwani, kisha waanze kusogeza mchanga.